Kosa la Kiwandani, Si Jeraha

Jumatatu, 3 Machi

Siku kubwa. Naandika polepole ili wajukuu wangu wasije wakapata shida na mwandiko.

Nimepata sarafu yenye kosa la kiwandani! Mimi, mpiga pasi wa dobi! Nilikuwa nimelala kifudifudi nikitafuta kifungo cha mteja chini ya mashine ya kukaushia namba tatu. Kifungo sikukipata. Nikapata hiyo. Ukingo wake umenenepa na kujikunja kwa ndani kama mdomo wa sufuria. Sarafu nzima imepungua, ni ndogo kuliko nyingine za aina yake. Maandishi ya pembeni yamemezwa nusu. Binadamu hawezi kufanya vile kwa nyundo. Ni mtambo wa serikali uliokosea, na kosa la serikali watu hulinunua ghali.

Shemeji, kaka wa mke wangu, mwalimu wa jiografia, anayo moja kama hiyo. Ameitia kwenye fremu ya kioo na kuitundika sebuleni kwa mama yao, juu ya televisheni. Miaka miwili sasa, kila tukienda kusalimia lazima tusimame tuiangalie. Mama mkwe husema mwanawe ana jicho. Kisha hunigeukia na kuuliza kama bado napiga pasi.

Bado, mama. Lakini si kwa muda mrefu.

Jumanne, 4 Machi

Nimemwonyesha mke wangu. Akaigeuza, akaipapasa kwa kidole, akasema imekonda, labda ilikuwa inaumwa. Huyu ndiye mtu niliyechagua kuzeeka naye.

Nimeandika barua ya kuacha kazi. Ukurasa mmoja na robo. Neno "hatimaye" lipo mara tatu. Tarehe sijaweka, nimeacha nafasi. Jioni nikakuta mke wangu ameandika nyuma yake: sabuni, chumvi, betri. Nimeandika nyingine, na safari hii nimejaza pande zote mbili.

Jumatano, 5 Machi

Nimekwenda kwa Fundi Saa, mzee mwenye kibanda pembeni ya posta. Ndiye mwenyekiti wa Chama cha Wakusanya Sarafu. Ana lenzi ndogo nyeusi ambayo huibana kwenye jicho, akikutazama nayo unahisi anaona hadi ulichokula mchana.

Aliitazama sarafu yangu muda mfupi mno. Kisha akanieleza, bila kuombwa, kwamba sarafu huzaliwa mara moja tu. Kisahani cha chuma kinaingia katikati ya mihuri miwili, mihuri inabana, kishindo kimoja, imekwisha. Kosa la kweli hutokea ndani ya kishindo hicho: chapa imekaa upande, muhuri ulikuwa na ufa, kisahani kilikatwa vibaya. Chochote kilichoipata sarafu baada ya hapo ni jeraha, hata kiwe cha ajabu namna gani. Akasema chuma hakiyeyuki hewani. Ukiona kimepungua mahali, uliza kimekwenda wapi.

Nikamwuliza changu kimekwenda wapi. Akasema kwenye ukingo. Imegongwa pembeni maelfu ya mara, kidogo kidogo, ikizunguka. Halafu akataka kujua nafanya kazi wapi. Nikamjibu kwa heshima zote kwamba nipo dobi.

Alicheka hadi lenzi ikamtoka jichoni na kutumbukia kwenye kikombe cha chai.

Wivu. Nimeuona kwa macho yangu, ulikuwa unaelea.

Ijumaa, 7 Machi

Ushindi! Bosi, yule mama mwenye duka, alitoka kwenda benki. Nikang'oa kifuniko cha namba tatu. Kati ya pipa na mdomo wake kuna mwanya wa upana wa kidole. Nikaingiza hanga ya waya, nikakorogakoroga. Sarafu kumi na moja! Zote zina ukingo mnene! Nyingine kidogo, nyingine sana, moja imekuwa nene na fupi kama kifungo cha koti.

Mtu wa kawaida angeona zote zimetoka ndani ya mashine moja, akakata tamaa. Mimi nimetumia akili. Ni wazi kwamba kiwanda kilikosea kwa fungu zima, fungu hilo likaletwa mtaa huu, na mtaa huu wote unafua kwetu. Hakuna maelezo mengine.

Bosi alirudi mapema. Akakuta mashine imepasuliwa tumbo, mashuka sitini ya hoteli yamelowa kwenye vikapu, na mimi nimezama ndani ya pipa hadi kiunoni. Aliongea na miguu yangu dakika kumi. Mle ndani sauti ilikuwa inavuma, lakini nilisikia vizuri "mara ya mwisho" na "mlango ule pale". Nimerudisha kifuniko. Skrubu mbili zimebaki. Inaonekana hazikuhitajika tangu mwanzo.

Jumamosi, 8 Machi

Chama hukutana saa nane mchana, chumba cha nyuma cha maktaba. Nimekwenda na zile kumi na mbili, pamoja na nyingine nilizookota wiki nzima ili kupanua mkusanyo wangu.

Fundi Saa alizipitia moja moja, wanachama wote wakiwa wamesimama nyuma yake. Hii yenye pengo pembeni? Jeraha. Kisahani kilichokatwa vibaya kiwandani hukosa nguvu ya kusukuma upande wa pili, kwa hiyo ukingo unaotazamana na pengo hufifia. Yangu ukingo wake ni mzima pande zote, na kwenye pengo kuna meno ya koleo. Hii iliyobadilika rangi? Imeungua. Hii yenye kichwa kilichogeuka na herufi zinazosomeka kinyumenyume? Mtu ameibana pamoja na mwenzake kwenye jiliwa, kile kibanio cha chuma cha mafundi, moja ikaachia nyingine alama. Nikasema labda kiwandani nako kuna jiliwa. Nilijikaza kisabuni.

Shemeji alikuwepo. Ndiye katibu. Tai shingoni, kalamu tatu mfukoni. Akasema kwa sauti ya darasani kwamba wengine tungeanza na vizibo vya soda kwanza.

Kisha akasoma tangazo. Jumamosi ijayo ni maonyesho, ukumbi mkubwa wa maktaba. Atakuja Bibi Mkaguzi kutoka makumbusho, na atachagua meza moja ya kupelekwa huko. Fremu ya Shemeji itakaa katikati ya ukumbi. Hakuna mwanachama aliyewahi kuishika sarafu yake nje ya kioo. Shemeji anasema hewa itaidhuru.

Mlangoni Fundi Saa akanishika mkono. Akasema hajaona mtu mmoja akikusanya majeraha mengi hivi kwa wiki moja, hii ni wodi nzima. Akaniomba niandae Meza ya Majeraha, watu wajifunze kutofautisha.

Nimekubali papo hapo. Nimemwelewa mzee. Anaogopa wanachama, hivyo anapitisha hazina yangu kwa jina la kificho.

Jumatatu, 10 Machi

Nimeamua kumwumbua Fundi Saa kisayansi. Nimechukua sarafu mpya inayong'aa, nikaichora alama ya msalaba kwa sindano, nikaitumbukiza kwenye ule mwanya wa namba tatu. Itazunguka na mashuka ya hoteli kutwa, siku nne. Itatoka kama ilivyoingia. Hapo nitaipeleka kibandani na kumdai aniombe radhi kwa maandishi.

Bosi ameuliza kwa nini namba tatu inalia kama debe lenye mawe. Nikasema ni uzee. Akanikata jicho. Ana umri wa namba tatu mara nne.

Alhamisi, 13 Machi

Nimeitoa.

Ukingo umeanza kuvimba. Kidogo tu, kama ufizi wa mtoto anayetaka kuota jino, lakini umevimba. Msalaba wangu upo. Ndiyo ile ile.

Nilikaa juu ya kikapu cha mashuka nikiwa nimeishika. Mvuke wa pasi unapanda, redio ya jirani inaimba, na mimi nimetulia kama niliyepewa habari za msiba. Kumi na mbili! Zote ni majeraha! Mzee alisema kweli. Nilifikiria barua yangu ya kuacha kazi, ukurasa wa pili, pale nilipoandika "nawaachia vumbi lenu".

Huzuni ilidumu kama dakika tatu. Kisha nikaruka juu nikagonga kichwa kwenye bomba.

Ukingo mnene. Maandishi yaliyomezwa. Ndogo kuliko nyingine. Fremu ya kioo juu ya televisheni!

Shemeji hufulia suti zake wapi? Kwetu. Tangu lini? Tangu nilipooa, kwa sababu nampunguzia bei. Nimecheka peke yangu hadi Bosi akaja kuangalia kama nimevuta hewa ya dawa ya madoa.

Ijumaa, 14 Machi

Nilimweleza mke wangu taratibu, kwani huyo ni kaka yake, damu ni damu. Nikasema ikiwa moyo utamwuma, nitanyamaza. Nilisema hivyo nikiomba asikubali.

Aliendelea kumenya vitunguu. Kisha akasema kaka yake alipoangusha redio ya marehemu baba, alisema aliyeiangusha ni dada yake, na dada ndiye aliyechapwa. Akafuta mikono, akaomba kadi na kalamu. Ameniandikia vibandiko vyote vya meza kwa mwandiko wake mzuri. Kile kikubwa kinasomeka: "Jeraha: huja baada ya kuzaliwa." Namwangalia mwanamke huyu kwa macho mapya.

Jumamosi, 15 Machi

Nijaribu kwenda kwa mpangilio.

Meza yangu walikuwa wameiweka karibu na mlango wa choo. Sikujali. Kila mgeni hupita hapo mapema au baadaye, na akitoka ana utulivu wa kusikiliza. Nilizipanga zile za namba tatu kwa mstari, kutoka iliyovimba kidogo hadi ile kama kifungo cha koti. Mwanzoni kabisa nikaweka yenye msalaba. Kila sarafu na kadi yake. Watu walijaa. Niliwafundisha waulize chuma kimekwenda wapi. Mama mmoja akatoa sarafu kwenye pochi yake, akaipima kwa macho, akasema mwenyewe, "Hii imekanyagwa na gari." Sijawahi kujisikia vile.

Katikati ya ukumbi Shemeji alihutubia kuhusu jicho. Mama mkwe alikuwa kiti cha mbele, kitenge kipya, mkoba magotini.

Bibi Mkaguzi akafika. Mwembamba, miwani ya kamba, mizani ndogo mkobani. Akasimama mbele ya fremu. Kisha akaomba ifunguliwe.

Shemeji akasema haiwezekani. Hewa.

"Mwalimu," Bibi Mkaguzi akasema, "sarafu hii imepita mikononi mwa watu sokoni. Hewa inaijua."

Watu wakacheka. Shemeji akaanza kueleza unyevu wa anga na pepo za misimu. Mama mkwe akamkata kauli. "Fungua, baba. Una wasiwasi gani? Waone."

Akafungua. Bibi akaipima: uzito karibu kamili. Akautazama ukingo wake kwa lenzi ya Fundi Saa. Akageuka polepole, akaona mstari wangu kule kwenye mlango wa choo. Akaja nayo. Ukumbi mzima ukaja nyuma yake. Akaiweka kati ya sarafu yangu ya saba na ya nane, ikakaa pale kama mtoto aliyerudi kwao.

"Mwalimu, uliipata wapi?"

Shemeji alirekebisha tai. "Mfukoni. Kwenye koti langu la suti."

"Lilikuwa limetoka kufuliwa?"

Nilisikia bomba la choo likidondosha.

"Dobi gani?" Bibi akauliza.

Mama mkwe alinyoosha kidole. Moja kwa moja kwangu.

Nilikuwa nimeandaa hotuba. Kurasa tatu, na kituo cha kupumulia katikati. Yote ilipotea. Nikasema tu, "Namba tatu, mama."

Fundi Saa alianza kupiga makofi, wengine wakafuata. Bibi Mkaguzi akasema kosa la kweli amekwisha kuonyeshwa mara nyingi maishani, lakini jeraha moja lililopangwa hatua kwa hatua, tangu uvimbe wa kwanza, na jaribio lililowekwa alama, hajawahi kuliona. Meza yangu ndiyo inakwenda makumbusho! Meza ya mlango wa choo! Kadi za mke wangu zikiwa juu yake!

Shemeji alikuwa anajaribu kurudisha sarafu kwenye fremu. Ilimponyoka mara mbili. Nikaiokota nikampa. Nilihisi kitu kifuani, kama huruma. Au njaa, maana tangu asubuhi nilikuwa sijala.

Jumapili, 16 Machi

Tumekwenda kusalimia kwa mama mkwe. Nilijiandaa kwa lolote. Huenda kanikasirikia, huenda fremu imeshushwa.

Fremu ipo pale pale. Ameifuta vumbi. Majirani wawili walikuwa wameitwa kuiangalia, na mama mkwe anawaeleza kwamba ile si kazi ya mtambo, mtambo unaweza kufanya nini? Ile imepikwa na mkwe wake, kwa mkono wake, kwa miezi. Makumbusho wanamjua. Akanigeukia. Nikakaza mgongo.

Akauliza kama bado napiga pasi. Nikasema bado, mama. Akawaambia majirani, "Mnaona? Bado anapiga."

Nilikunywa chai vikombe vinne. Shemeji alikuwa kwenye kona, akisahihisha daftari moja kwa saa nzima. Tulipoaga alinisindikiza hadi getini, akaniuliza kwa sauti ya chini kama suti zake nitaendelea kumpunguzia bei. Nikamwambia shemeji, wewe ni wa nyumbani. Akacheka, kidogo. Mke wangu alimshika mkono hadi barabarani. Redio haikutajwa.

Nimejifunza mengi wiki hizi. Mtu asikimbilie kuona anachotaka kuona. Aulize kwanza, achunguze, awe na subira. Nimeyaandika hapa kwa ajili ya wajukuu, na nimepigia mstari.

Jumatatu, 17 Machi

Siku kubwa kuliko ile ya kwanza!

Saa mbili asubuhi, sakafuni karibu na mashine ya kufulia namba moja, nimeokota sarafu ambayo Bibi Mkaguzi mwenyewe hajawahi kuiota. Kiwanda kimesahau kuipiga chapa. Pande zote mbili! Hakuna kichwa, hakuna herufi, hakuna mwaka. Laini kabisa. Na katikati ina tundu, la mviringo kamili, halina hata mkwaruzo. Nimechunguza kama nilivyofundishwa. Nimeuliza chuma cha katikati kimekwenda wapi. Jibu: hakikuwepo tangu kuzaliwa. Kosa la kiwandani, si jeraha. Makosa mawili ndani ya sarafu moja!

Saa nne alikuja fundi wa mashine, kaitwa na Bosi, kwa sababu namba moja inavuja. Akasema kuna washa imechomoka, kisahani kidogo cha chuma chenye tundu katikati, kinakaa chini ya nati. Akaniuliza kama nimekiona. Nikamsaidia kutafuta kwa moyo wote, tukasogeza hadi kabati la sabuni. Hatukukiona. Lakini maelezo yake yamenitia hofu: hicho kisahani chao kinafanana sana na sarafu yangu. Fundi mwenye uzoefu wa miaka ishirini angeweza kuifunga chini ya nati na asijue amefunga nini! Nimeihamishia ndani ya soksi.

Maji yamefika magotini kwenye chumba cha kufulia. Bosi anapiga kelele, watu wanabeba ndoo. Mimi nimekaa juu ya meza ya pasi, miguu mikavu, naandika barua. Safari hii nimeweka tarehe.